Mkamwana wa Mzee Yotamu

Kambi ya chai, Mufindi
4 Machi 1955

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio. Mguu wa mama unaendeleaje? Migomba imenusurika na ile mvua ya mawe?

Kazi ipo, lakini meneja huyu mpya anatuvuruga. Asubuhi anataka majani mawili na chipukizi, saa sita anataka vikapu vijae upesi, jioni anafoka kwamba tumechuma majani makubwa. Na mimi nyapara wake ndiye ninayepeleka kila neno lake kwa watu.

Juzi alimpanga Mzee Yotamu mstari mmoja na mkamwana wake Lusia, yule ambaye mumewe yuko migodini Kusini. Unajua kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Lusia alijifunika uso, akaacha kikapu, akakimbilia msituni na mtoto mgongoni. Meneja anasema ni mkaidi. Anataka Jumamosi ya tarehe 19 nitie saini kwamba alitoroka kazi, afukuzwe kambini. Nikikataa, unyapara basi, na ndiyo kwanza nimeposa. Nifanyeje, baba?

Mwanao,
Asukile

Rungwe
15 Machi 1955

Mwanangu Asukile,

Marahaba. Mama yako anatembea, tena anagomba, kwa hiyo amepona. Migomba ipo.

Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta mahali ulipomweleza huyo bwana mila yetu. Sikupaona. Unamkasirikia kwa kutojua, nani amemwambia? Nenda kamwambie, kwa adabu, kofia mkononi. Akikataa kusikia, usitie saini. Posa itasubiri.

Baba yako,
Mika

Mufindi
24 Machi 1955

Baba,

Shikamoo, na mama mpe salamu zake. Barua yako imefika jana. Jumamosi ilikuwa imeshapita, na nilitia saini.

Sikumweleza. Kwanza niliogopa atanicheka. Kisha nikaogopa atanisikiliza, aulize kwa nini nilinyamaza tangu asubuhi ile alipowapanga.

Lusia alifukuzwa siku hiyohiyo. Mzee Yotamu naye akaacha kazi ili amrudishe nyumbani. Lori likaja, na wawili hao hawawezi kupanda lori moja. Lusia hakukubali mzee abaki kwenye mvua, akabaki yeye barabarani na mtoto, akingoja jingine. Nilimwona kutoka ghalani. Sikwenda. Wiki hii meneja amenipa koti zito, jipya. Naona haya kulivaa, baba, na baridi ni kali.

Watapita hapo kwetu. Wewe ni mzee wa kanisa, niombee radhi.

Mwanao,
Asukile

Rungwe
6 Aprili 1955

Mwanangu Asukile,

Marahaba. Sisi tu wazima. Mtoto wa Lusia alifika na homa. Mama yako amemkanda siku tatu, sasa ananyonya vizuri.

Nilimfikishia Lusia maneno yako. Nikaongeza na yangu, kwa kuwa wewe ni mwanangu: nikasema meneja yule ni mtu mbaya, amewaponza wote wawili, wewe na yeye. Lusia alimaliza kwanza kumenya ndizi. Akasema, "Bwana yule hakujua, baba. Asukile alijua."

Radhi hii siwezi kukuombea mimi. Njoo mwenyewe.

Baba yako,
Mika