Odio ya kriketi ya Songo

Mama Noella, ukipata odio ya mechi ya leo ya hapa Songo, usiitume kwa mutu yeyote. Mwambie na Noella asiitume.

Unakumbuka Chance, ule kijana wa Lemera kule mlimani, alipokosa mpira? Na Bruno, mtoto wangu, aliyekuwa anatangaza mechi, akasema mu megafoni: "Huyu anapiga kriketi kama anafukuza mbuzi mu mihogo! Arudi kwao mlimani!"

Arudi kwao. Mu Uvira yetu hii, na vile watu wa mlimani na wa mjini tunaogopana sasa!

Sasa odio iko mu magrupe yote ya WhatsApp. Mwingine ameandika, "Nyumba ya huyo mtangazaji tunaijua."

Bruno yeye anasema, "Mama, ni mchezo tu. Hata watangazaji wakubwa wa kriketi wanachokozana." Nimechoka naye, dada. Nimechoka kabisa.

Miye nikaenda mwenyewe kwa mama ya Chance kuomba msamaha. Tunaimba naye mu chorale ya kanisa. Akanipa kiti. Nikamwambia Bruno hana breki mdomoni, amusamehe.

Akasema, "Bruno ni kijana, nimemusamehe." Kisha akachukua telefone yake, akaifungua ile odio mbele yangu. Kisha ya maneno ya Bruno, kuko mwanamke anacheka. Anacheka mpaka anakohoa.

Akaniuliza pole pole, "Mama Bruno, na huyu?"

Nilisimama, nikatoka, hata kwaheri sikusema.

Kesho asubuhi nitarudi kwake. Tuende wote, tafadhali. Mu ile odio vicheko ni viwili: changu, na cha pili pia anajua ni chako.