Mpini wa Mkono Mdogo

Mke wangu, Mama Furaha,

Huko uliko sijui kama habari zinafika, kwa hiyo naanza na ile ambayo ungeiuliza kwanza: Furaha hajambo, anakula, na bado nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiswidi. Mimi pia sijambo, ila nyumba hii ya Norsborg imekuwa kubwa ghafla, wakati zamani tulikuwa tunagombana kwamba haina hata mahali pa kuweka masanduku. Nakuandikia kwa sababu ya bastola yako. Naona unacheka. Cheka tu, wewe ndiye uliyeanzisha.

Ulianzisha siku ile uliporudi kutoka kazini, hospitali ya Flemingsberg, ukiwa umechelewa. Wauguzi wenzako walikuwa wamealikwa kwenye klabu ya shabaha huko Farsta, kujaribu tu, na wewe ulikwenda, kama ulivyoapa baadaye, kwa ajili ya kahawa na mikate ya mdalasini. Ulikaa kwenye kiti cha jikoni na viatu vya theluji bado mguuni, ukanionyesha karatasi yenye matundu. Nilifikiri ni kitu cha hospitali. Uliponieleza nilipandisha sauti mpaka Furaha akatoka chumbani na kusema, "Men pappa!", yaani lakini baba! Nikakuuliza mbele yake: sisi tumeikimbia bunduki kutoka Uvira mpaka huku kwenye baridi, leo wewe unabadilisha treni kuifuata Farsta?

Hukukasirika. Ulisema, "Papa Furaha, ile ya kule ilikuwa mu mikono ya bengine. Hii iko mu mukono yangu, na inatoboa tu karatasi." Halafu ukauliza kama nimepika.

Nilikusindikiza mara ya pili ili kulinda heshima ya nyumba, maana nilishaanza kusikia kichwani sauti za akina mama wa kwaya. Nilikusudia kukaa kwenye meza ya kahawa na kununa. Lakini mwalimu wenu Birgitta, yule mama wa Kiswidi mwenye nywele nyeupe na sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, hakuniacha ninune. Alitandaza mezani bastola za klabu, zote tupu na zimefunguliwa, akaniita nione mke wangu akichagua.

Unajua jinsi nilivyokuwa nanunua vitu vya nyumba hii: chukua kubwa kidogo. Viatu vya Furaha, sufuria, hata koti lako la kwanza la baridi, ambalo lingewatosha wewe na dada yako pamoja. Basi nikaonyesha ile bastola nene nyeusi iliyokuwa na sura ya heshima. Nikasema, "Mpe hii, ataizoea." Birgitta akaniuliza kama mimi ndiye nitakayepiga.

Uliichukua ili kunifurahisha. Kidole chako kilifika kwenye kifyatulio kwa ncha tu, na ili kifike ilibidi uzungushe mkono mzima mpaka bastola ikaegemea mfupa wa gumba. Risasi zote zikaenda kushoto, kana kwamba karatasi ilikukosea upande huo. Ulipomaliza uliirudisha mezani, ukautikisa mkono kama mtu aliyeungua. "Mukono ikiuma, akili inaenda ku mukono," uliniambia. "Haiende tena ku karatasi." Nikajua nimeshindwa, nikaenda kuongeza kahawa.

Nadhani ni siku hiyo nilipoanza kupenda jambo lile bila kukuambia. Birgitta alikufundisha kuupandisha mkono juu kabisa nyuma ya mpini, ili mtutu na mfupa wa mkono wako viwe mstari mmoja. Kidole kiguse kifyatulio kwa nyama yake ya mbele bila mkono kujipinda. Vidole vitatu vya chini vikumbatie mpini bila ncha zake kurudi kuchoma kiganja. Halafu fumba macho, inua, fumbua. Kama alama mbili za kulengea zinatazamana, imekukubali. Kama hazitazamani, irudishe mezani hata ingekuwa nzuri namna gani. Kuna moja ilikuwa nyembamba na nyepesi, nikasema hiyo ndiyo, mkono mdogo na bastola ndogo. Kumbe sivyo. Vidole vyako viliizunguka vikakutana upande wa pili, na kila risasi ikawa inaruka mkononi mwako. Nyingine ilikuwa na mtutu mrefu, ukiinua tu, mdomo wake unaanza kuinama. Wewe ulizijaribu zote kwa subira ileile uliyokuwa nayo ukichagua kitenge, na mwenye duka ashike tama.

Mimi nilikuwa naangalia uso wako. Sikuwahi kukuona umefumba macho mahali penye silaha, ukiwa umetulia hivyo, midomo imelegea kidogo. Natamani kuuona uso ule tena. Ningetoa chochote.

Uliyoipenda mwisho haikuwa ya klabu. Ilikuwa ya mzee mmoja aliyekuwa anaacha mchezo, bastola ya zamani ya risasi ndogo, uzito wake umekaa karibu na ngumi na kifyatulio chake kinasogezwa nyuma kwa skrubu. Ulingoja kibali cha polisi kwa miezi, ukiuliza posta kila siku. Tatizo lilikuwa mpini. Ulichongwa kwa mkono wa yule mzee, naye alikuwa na kiganja cha kubebea mikate miwili. Mipini midogo ya aina ile, Birgitta alisema, haitengenezwi tena.

Basi bastola ikabaki klabuni, sisi tukarudi na mpini peke yake, mti wa kahawia tu. Niliupeleka kwenye karakana ya ile shule ninayoitunza, nikaubana kwenye jiriwa, nikaanza na tupa, nikamaliza na msasa. Unanijua nikishika kazi. Nilikula mti mpaka nikapitiliza, na kidole chako cha mwisho, kile kilichovunjika utotoni kikaunga vibaya, kikabaki kinaning'inia hewani. Birgitta akasema si neno: changanya unga wa mbao na gundi, paka pale palipopungua, mama ajipake mafuta mkononi, abane, mchanganyiko uchukue umbo lake.

Alisema bana. Hakusema kwa muda gani, na sisi hatukuuliza kwa sababu tulikuwa tumeshamsumbua vya kutosha. Tukaamua wenyewe kwamba ni mpaka ukauke. Ukakaa kwenye meza ya jikoni na mkono wa kulia umebana mti, mafuta yanang'aa mpaka kiwiko, na bugali iko tayari na sombe ya majani ya muhogo inatoa mvuke. Mkono wa kushoto usingekula nao chakula hata kama ungekufa njaa, mama yako alikulea vizuri. Nikavuta kiti. Nikanawa, nikamega, nikakulisha.

"Papa Furaha, tonge gani hii? Unanilisha ao unaniziba kinywa?"

Nikapunguza tonge. Furaha alicheka mpaka akashindwa kula chake. Jumamosi iliyofuata tulipomsimulia Birgitta ilibidi akae chini kwa kicheko, kwa sababu ilitakiwa ubane mara moja, uachie, ukaoge. Lakini alipouangalia ule mpini aliacha kucheka, akaupapasa kwa kidole. Kila kitu chako kilikuwa mle: bonde la gumba, mikunjo ya kiganja, na kale kanundu kalikopanda kukibeba kidole chako kilichopinda.

Nikuambie jambo moja. Sikuwahi kukulisha kabla ya jioni ile. Hata malaria ilipokulaza kule Uvira, mama yako ndiye aliyekulisha, mimi nikisimama mlangoni kama mgeni. Nilijifunzia kwenye meza yetu, kwa ajili ya bastola, na namshukuru Mungu nilijifunza. Ulipolazwa Flemingsberg, kwenye jengo lilelile ulilozoea kuingia kwa sare ya kazi, na mikono yako ikakosa nguvu hata ya kushika kijiko, nilikuwa najua tonge lako ni la ukubwa gani.

Baada ya kukuzika walikuja na maswali ya vitu vyako. Sheria ya hapa haimrithishi mtu bastola kama saa ya ukutani. Mimi si mwanachama, na Furaha, maskini, amechukua mikono yangu, tena hataki hata kuisikia. Birgitta akanisaidia mipango, ikabaki chini ya ulinzi wa klabu mpaka apatikane mtu mwenye kibali. Lakini mpini aliufungua akanipa. "Huu ni mti tu," alisema, "hauhitaji kibali. Kaa nao."

Nimekaa nao. Uko dirishani jikoni, karibu na redio. Nikitoka kazini navua koti, nauchukua, najaribu kuingiza mkono. Hauingii. Ni gumba langu tu linaloingia mahali pa gumba lako. Vitenge vyako nimevifua, vimepoteza harufu. Sauti yako kwenye simu ya zamani imekwama na simu yenyewe. Mti huu peke yake haujasahau kitu. Nilikuwa nakaa pale na kukushika mkono, Mama Furaha, mtu mzima mimi, na sioni aibu kukuandikia.

Halafu Birgitta akapiga simu. Kuna msichana anaitwa Aline, anasomea uuguzi Flemingsberg, Mrundi wa Bujumbura, yaani ng'ambo tu ya maji ya kwetu. Mikono yake ni midogo kama yako. Amefuata taratibu zote, polisi wamemkubalia, na bastola iliyompendeza kuliko zote ni yako. Lakini klabu imeifungia mpini mnene wa akiba, na haumfai. Je, ningeuleta ule wako aujaribu? Nikikataa ataelewa.

Nilikataa. Nilisema hapana kwa upole, nikakata simu, nikausogeza mpini mbali na dirisha kana kwamba kuna mtu angeupitia barazani.

Sijui kilichonipeleka Farsta siku ile. Nilisema nakwenda kuwasalimu tu. Nikakaa kwenye meza ya kahawa, nikamwona binti kwa mgongo, anapiga. Alipomaliza aliiweka bastola chini akautikisa mkono, akaupuliza. Nikakusikia. Nakuambia nilikusikia, kwa lafudhi yako kabisa, mukono ikiuma. Nikajua kwamba kama ungekuwa hai ungeshanigombeza njiani, ungesema mtoto wa watu anaumia na wewe umeficha mti jikoni.

Jumamosi iliyofuata niliupeleka. Nilitembea nao ndani ya koti, mkono juu yake, vituo vyote. Aline akanisalimu kwa adabu, akaupokea kwa mikono miwili. Nikuambie ukweli? Nilikuwa naomba umkatae. Haukumkataa. Mkono wake ulizama mle kama uliochongewa yeye, na mimi nilisikia wivu, wivu kabisa, kwa mtoto ambaye ningeweza kumzaa.

"Unanikaa vizuri sana, mzee," alisema. Akageuza kidogo. "Hapa tu kwenye kidole cha mwisho ndiyo pananiuma. Lakini uache hivyohivyo. Nitazoea."

Kilikuwa kile kinundu chako. Birgitta aliniangalia, akasema naweza kwenda nao nyumbani nifikirie. Nikamwambia nikirudi nao nyumbani sitauleta tena. Nikaomba tupa.

Aline alishika upande mmoja ili mti usiteleze. Nikaweka tupa mahali pa kidole chako, na mkono ukagoma. Nikausukuma. Unga mweupe ukaanza kuanguka juu ya gazeti. Nilifanya polepole kuliko kazi ilivyotaka, nikipuliza, nikipapasa, nikitafuta kama bado upo, na kila nilipopapasa ulikuwa umepungua. Machozi yalinitoka na sikuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na vumbi. Binti aliendelea kuushikilia mti. Nikamaliza kwa msasa. Akajaribu, akasema hapaumi tena.

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, "Mzee, mama huyu alikuwa anaitwa nani?"

Hakuna aliyeniuliza hivyo tangu uondoke. Ndugu zetu wanasema marehemu. Kanisani wanasema dada yetu. Furaha anasema mamma. Na mimi, tangu siku aliyozaliwa Furaha, nimekuita Mama Furaha mbele ya watu na nyuma ya mlango, sijakutaja kwa jina lako hata siku ya kukuaga.

"Nabintu," nilisema.

Lilitoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka watu wa meza ya kahawa wakageuka. Na nilipokwisha kulisema nilibaki nimesimama pale na tupa mkononi, nikingoja uitike.

Pumzika, Nabintu.

Ni mimi mumeo,
Papa Furaha