Ukuta wa Nnalongo Nilioufuta

Afande wangu,

Umelala huko kwenu kaskazini miezi mitano sasa, na huku Kampala bado unapigiwa simu. Namba yako iko chini ya kila ukuta ulioandika, kutoka Ggaba mpaka Lubaga, na simu yenyewe wanao walinikabidhi mimi pamoja na brashi na zile stensili zako ulizokata kwenye filamu za eksirei. Wanauliza, "Ni yule afande wa kuandika kuta?" Wa kwanza nilimlilia mpaka akakata simu. Siku hizi nasema afande amepumzika, mimi ni mwanafunzi wake, niambie ukuta uko wapi.

Nianze na habari njema, maana ile nyingine ni ya aibu. Pale steji ya teksi Ggaba, ukuta wako wa "Usikojoe Hapa" umejaa stika mpaka basi: waganga, vyumba vya kupanga, mwalimu wa hesabu, timu za mpira. Lakini hakuna aliyethubutu kufunika herufi zako. Wamebandika pembeni pembeni, kama watu wanaompisha mzee kwenye benchi. Na ukuta ni mkavu, Afande. Steji nzima inanuka isipokuwa hapo. Nilisimama nikacheka peke yangu, watu wakaniangalia.

Unakumbuka ulivyonikuta Old Kampala nikiuza stika za bodaboda? Mkenya aliyetoka Busia juzi, Luganda sijui, na nilikuwa nimebandika tangazo langu juu ya tangazo la mwenzangu kwenye nguzo ya stima. Ulilibandua polepole, ukanirudishia mkononi. "Wewe Mkenya, huyu naye anakula hapa." Ulikuwa umestaafu polisi zamani lakini viatu bado viling'aa, na nilikuogopa kidogo. Kesho yake nikaja kukushikia ndoo, nikaishia kuishika miaka sita.

Sijaona mkono kama wako. Ulipiga mstari kwa uzi na chaki, ukarudi nyuma hatua kadhaa, halafu ndiyo unagusa rangi. Mimi nilitaka tumalize twende. "Ukuta si daftari," ulikuwa unasema. "Hii watu watasoma mpaka wajukuu." Na kazi uliyoiheshimu kuliko zote ni ile ya "Nyumba Hii Haiuzwi". Wewe ndiye uliyenieleza kwamba mtu anaweza kwenda kuuguza ndugu wiki mbili, akirudi anakuta kwake kumeuzwa. Uliandika kwa Luganda, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kiswahili, ulisema, ni cha askari wenzako, wasije wakadai hawakuelewa.

Kuandika ulikubali haraka. Kufuta, wenyewe wakitaka kuuza kweli, ndiko kulikuwa na masharti. Hukugusa brashi mpaka kila mwenye nyumba asimame mbele ya ukuta na kusema kwa mdomo wake kwamba amekubali: mama, watoto, hata yule mlevi anayedharauliwa na wenzake. Mmoja akikosekana, ulifunga mfuko tukarudi zetu. Mimi nilinung'unika njia nzima kwamba unapoteza kazi bure. Nilikuwa mjinga.

Sasa sikia nilichofanya.

Mwezi uliopita alipiga Kato, mtoto wa Nnalongo wa Lubaga, yule mjane mwenye mapacha uliyemwandikia ukuta shemeji zake walipoanza kumletea wanunuzi. Kato akasema mama amekubali, pacha wake amekubali, wote wako Masaka kwa mgonjwa, nifute tu. Sharti lako nililikumbuka, haki ya Mungu nililikumbuka. Lakini Kato alikuwa ameniita fundi. Tangu ufe hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Wote walikuwa wanakutafuta wewe. Kichwa kikavimba. Nikapiga rangi nyeupe mara mbili, na herufi zako zikapotea moja moja mbele ya macho yangu, kwa mkono uliouona ukijifunza.

Siku tatu baadaye nilipita pale nikakuta wanaume wawili wanapima ua kwa tepu, Kato anawaonyesha mpaka. Nikamuuliza jirani. Akasema Nnalongo hajui lolote. Niliona aibu mpaka nikashukuru kwamba wewe hupo, na hilo nalo naomba unisamehe.

Nikaenda kuchukua ndoo. Nikarudi mchana kweupe, nikapiga uzi, nikaanza kuandika upya. Kato akanijia juu: nani amekuita, nakuitia polisi. Nikamwambia aite, nimeandika na Kiswahili. Akashika ndoo, nami nikaishika, rangi nyeusi ikamwagikia viatu vyake na gauni langu. Majirani wakatoka. Wale wa tepu wakaanza kuulizana, kisha wakapanda gari lao wakaenda. Niliandika hadi mwisho, lakini herufi zenyewe zimepinda, huwezi kuzisifu.

Nnalongo alirudi Jumamosi. Nilimsubiri getini toka asubuhi, nikapiga magoti kama wanavyosalimia wenyewe hapa, nikamwambia kwamba aliyefuta ni mimi. Kato alinidanganya, ndiyo, lakini brashi niliishika mimi. Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Aliuliza tu Kato yuko wapi, na hakuna aliyejua. Hajaonekana tangu siku ile, na naona hilo linamuuma kuliko nyumba. Akaingia ndani, akatoka na kiti, akakaa barabarani mbele ya ukuta.

"Nyeupe bado inaonekana, nnyabo," akaniambia kwa heshima. "Ongeza rangi."

Nikaongeza. Hakuinuka mpaka nilipomaliza herufi ya mwisho.

Lala salama, Afande. Asante kwa kunivumilia miaka yote ile, na asante kwamba hukunifokea pale kwenye nguzo, maana ningekimbia nirudi Busia. Fundi bado sijawa. Lakini nakuahidi, ukuta wowote nitakaoitwa kuufuta katika mji huu, kabla sijafungua kopo nitauliza kwanza: nani hayupo?

Mkenya wako,
Nekesa