Kidole Kilichozikwa Mururu

Mjukuu wangu Aline,

Huku tumeamka salama, ila bibi yako anadai nakoroma kama mashine ya mpunga.

Umeuliza kama kweli tutafufuka na miili hii hii. Nilipokuwa kijana, baba yangu alikatwa kidole na panga, tukakizika hapa Mururu. Alipozeeka, dada yangu akaja kumchukua akamtunze kwake Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Mzee akagoma.

“Bakinizika kule, siku ya kufufuka kidole itavuka mupaka bila karatasi?”

“Papa,” dada akamjibu, “Mungu alikuumba muzima bila kuwa na kidole hata moja ya kuanzia. Sasa mupaka ndiyo itamushinda?”

Mzee akautazama mkono wake, kisha akaomba koti la safari.

Nami nasadiki hivyo, mjukuu wangu. Mwili huu utafufuka. Kuhusu kitambi, bado nasali.

Babu yako