Wifi Aliniambia Kuna Ukungu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, moyo wangu hautulii tangu Jumapili. Mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu, tunaotesha migomba ndani ya chupa kwa ajili ya kikundi chetu, maana mashamba yameingiwa na ugonjwa na miche safi ya maabara bei yake haishikiki, basi tukapunguza gharama tulivyoweza, chupa ni za jemu, sukari ni ile ile ya chai, cha kugandishia chakula cha miche ni wanga wa muhogo, vyote tunavichemsha kwenye sufuria ya presha, na taa yetu ni dirisha, na mshauri, ungeona jua la asubuhi linavyopita kwenye zile chupa, chumba kizima kinakuwa kijani, vijani vichanga vimetulia kama mtoto aliyeshiba, nami hukaa pale nikiota mchana kweupe hadi chai inapoa. Siku moja wifi akaniita, "Wifi, kuna ukungu chupa tatu za mwisho," nami kwa vile nilikuwa mbali kimawazo nikadhani ni ule mvuke unaotanda kwenye kioo, nikamjibu, "Uache, mbona unapendeza?" Kumbe ni ukungu wa kuoza! Wiki mbili tu, rafu nzima nyeupe, chupa mia mbili. Jumapili kikundi kiliponiuliza nikasema wifi hakuniambia. Aliinamisha kichwa, akatoka, na hajakanyaga kwangu tena. Sasa wenzetu wanasema njia yetu ya bei rahisi haifai, waiache. Nifanye nini?

Mama Chupa

Mama Chupa, pole. Chumba chako nimekiona kutoka hapa nilipokaa, na nimekipenda. Lakini shoga, umenikera! Mwenzio kakuonya kwa mdomo wake, ukamwambia unapendeza, kisha ukamgeuzia kibao mbele za watu? Sukari ya chai haina kosa, wanga hauna kosa. Zile tatu zingetolewa siku ile ile, zikachemshwa bila kufunguliwa ili ukungu usisambae, huenda nyingine zingepona.

Mvuke wa kwenye kioo sasa uiteni jasho. Neno ukungu libaki jina la ugonjwa. Na ukiitwa, inuka kwenye kiti ukaangalie.

Kuhusu wifi, usimpelekee zawadi wala usimwombe radhi jikoni mkiwa wawili. Itisha kikundi kile kile, yeye akiwapo, useme: "Aliniambia. Nilipuuza, kisha nikadanganya." Usiongeze "lakini." Akikataa kurudi, vumilia. Aibu anayotembea nayo ni yako, mama. Nenda kaichukue.