Jasho Langu, Vipimo Anapimwa Mzee

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini kwanza uache kudanganya watu, maana juzi juzi ulimwambia mama mmoja kwamba joto la kukoma hedhi huondoka lenyewe baada ya miaka michache, sasa hili la kwangu limekosa mlango wa kutokea, mimi niliyeacha kuona siku zangu kabla mjukuu wangu wa kwanza hajazaliwa na leo mjukuu huyo ananyoa ndevu? Nikikaa tu, moto unapanda kifuani mpaka masikioni, nikilala naamka nimelowa kama tambara la deki.

Mimi na mume wangu ni madobi, mimi nafua, yeye anapiga pasi, basi kila alfajiri nilikuwa nalichomoa shuka letu naliloweka na nguo za wateja asijue, maana bibi mzima kuhangaika na mambo hayo, na wake wa wanangu nilivyowacheka kwa joto hilohilo, nitauweka wapi uso? Sasa shuka likaenda kimakosa kwa wateja wetu wa gesti pamoja na mashuka yao, wakalirudisha, mzee akalitambua kwa kiraka alichokishona mwenyewe. Akauliza kwa nini linafuliwa kila siku. Mdomo wangu huu ukajibu, "Si ni wewe unayetoa jasho usiku, mzee wangu, nilikuwa nakusitiri tu."

Akaamini, hana hila yule. Ameacha chai, kapimwa damu, mkojo, kifua, kote mzima, na ndiyo hofu ikazidi, eti ugonjwa usioonekana ndio mbaya. Jana kanifundisha kuwasha pasi yake ya mkaa, ambayo miaka yote haruhusu mtu kuigusa. Akasema, "Jifunze, mama watoto, wateja wasije wakavaa makunyanzi nisipokuwepo." Nikaenda kulia bafuni. Nifanyeje nisidhalilike?

Bibi wa Beseni

Shikamoo, bibi yangu. Kosa nimelipokea: joto hilo wengi huwaondokea, si wote, wapo wanaozeeka nalo, na si aibu hata kidogo. Aibu ni mzee wa watu kutobolewa sindano kwa jasho lako. Mwanamume anayekaa kitako kushona kiraka cha shuka lenu, huyo ndiye unayemficha? Pole, lakini hapo umejitakia.

Tena aliyepimwa siye mwenye jasho. Jasho lako laweza kuwa la hedhi iliyokoma, laweza pia kuwa tezi ya shingo, sukari, kifua kikuu au dawa unazomeza, na hayo hayajulikani kwa kukisia. Ukiwa umekonda, unakohoa au umeona damu tena, usingoje hata kidogo. Dawa za kutuliza joto zipo, akuchagulie daktari, si jirani. Na wake wa wanao waombe radhi, watakucheka kidogo, utapona.

Sasa funga gazeti, mrudishie mzee pasi yake mkononi, umwambie jasho ni la nani kabla makaa hayajapoa, na kesho asubuhi akusindikize hospitali.