Mahali pa Otilia

Fargo, 4 Mei 1974

Mpendwa Shangazi Otilia,

Shikamoo. Hapa hatujambo, mimi na mume wangu Leo na hili tumbo langu, ambalo karibu litaanza kuingia mlangoni kabla yangu. Magoti yako yanaendeleaje? Na yule bibi wa chumba cha pili, hapo nyumba ya wazee, bado anakuibia biskuti?

Jumapili tulikwenda kwenye kanisa la kwetu, Sankt Blasius, kama ulivyoniagiza. Kanisa lilishabomolewa, yamebaki makaburi na upepo. Padre anasema hawezi kukutengea nafasi mpaka ajue nani amelala wapi, maana ramani ya makaburi iliungua pamoja na nyumba ya mapadre. Basi nimesoma mawe yote ya kwetu. Babu Yohana yupo, msalaba wake wa chuma umepinda. Bibi Barbara yuko kulia kwake, na kulia kwa bibi, karibu na uzio, pana nafasi kama ulivyosema. Ila nilipopita pale nilijikwaa kwenye kitu kigumu chini ya nyasi. Leo anasema ni jiwe la shamba tu. Tutarudi na sepetu.

Mtoto akiwa msichana tunataka kumpa jina lako. Unaturuhusu?

Mwanao,
Klementina

*

Bismarck, 15 Mei 1974

Mwanangu Klementina,

Marahaba. Magoti yapo, kila asubuhi yananikumbusha kwamba yapo. Biskuti sasa nazificha ndani ya soksi, na huyo bibi ananuna.

Pale ni pangu, tusibishane. Mama alinionyesha mwenyewe nikiwa mdogo, kwa kidole chake: "Hapa ni mahali pa Otilia." Kaka zangu hawakuonyeshwa mahali, hata baba yako. Ni mimi tu. Sikuolewa, sikuzaa, na shamba letu liliuzwa. Hicho ndicho kitu pekee alichonipa mama ambacho bado ninacho, nami nataka kulala ubavuni mwake.

Hilo jiwe likiwa na maandishi, lipake unga wa ngano mkavu, kisha ufute taratibu kwa kiganja. Unga utabaki kwenye herufi. Usilisugue kwa brashi ya waya. Nimeziona sufuria zako, nakujua.

Na jina mpeni. Nimelia kidogo, kwa furaha.

Shangazi yako,
Otilia

*

Fargo, 9 Juni 1974

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi wazima, ila sijui nianzeje.

Si jiwe la shamba. Ni jiwe dogo, limeanguka kifudifudi na kuzama. Leo aliligeuza, nikapaka unga, nikafuta kwa kiganja. Likasomeka: "Otilia. Binti wa Yohana na Barbara. Alizaliwa 1896, alifariki 1898."

Shangazi, wewe ulizaliwa 1899. Niliona jina lako jeupe kwenye jiwe jeusi, nikakaa chini kwenye nyasi. Najua wazee wetu walikuwa wakimpa mtoto anayefuata jina la yule aliyekufa. Kwenye safu za watu wengine nimeona Petro na Petro, Magdalena na Magdalena. Sikufikiri nitayaona kwetu. Marehemu baba hakuwahi kunitajia. Je, wewe ulijua?

Mwanao,
Klementina

*

Fargo, 21 Julai 1974

Shangazi,

Shikamoo. U hali gani? Nimepiga simu, nesi anasema unakula vizuri lakini unashinda dirishani. Kama nilikosea kukuandikia yale, nisamehe. Niandikie hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Mwanao,
Klementina

*

Bismarck, 11 Agosti 1974

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima. Hukukosea.

Sikujua. Siku zote hizi nilikuwa nakumbuka. Kila Jumapili baada ya misa mama alinishika mkono tukaenda pale na sahani ya keki ya plamu. Aliniketisha kwenye nyasi, kisha akauliza: "Otilia, unasikia baridi?" Nami nikajibu, "Hapana, mama." Akauliza, "Otilia, una njaa?" Nikajibu, "Kidogo, mama," naye akanikatia keki bila kunitazama. Macho yake yalikuwa kwenye nyasi za karibu na uzio. Nilikuwa na miaka mitano, sita. Nadhani jiwe lilikuwa limeshaanguka, maana sikumbuki jiwe.

Nyumbani aliniita "we binti". Jina langu alilitaja makaburini tu, na nilizipenda Jumapili kwa ajili hiyo. Maisha yangu yote nimejivuna kwamba mama alinionea huruma kiasi kile, mpaka kuniulizia baridi mwezi wa Julai, katikati ya joto.

Hakuwa akiniuliza mimi, Klementina. Aliyeulizwa alikuwa chini, na mimi ndiye niliyekuwa nikijibu.

Nina hasira na mwanamke aliyekufa zamani, na nina wivu na mtoto wa miaka miwili. Kwa umri wangu huu ni aibu, lakini ndivyo ilivyo. Mahali nilipodhani ni pangu pana mwenyewe. Sasa sijui nitalala wapi.

Mtoto wako msimpe jina hilo. Usinibishie.

Shangazi yako

*

Fargo, 29 Septemba 1974

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimejifungua salama, msichana, na ana mapafu ya mnadi wa ng'ombe. Tumemwita Apolonia. Kabla ya kumpa hilo jina nilipita safu zote za Sankt Blasius na tumbo langu, Leo akinishika kiwiko, nikasoma kila jiwe na kila msalaba. Hakuna Apolonia pale. Jina ni lake peke yake.

Leo ameongea na padre na mwenye shamba la ngano la jirani. Uzio utasogezwa. Patapatikana nafasi upande wa pili wa mtoto, naye atakuwa katikati yenu, wewe na Bibi. Najua si ubavuni mwa mama yako kabisa. Utakubali? Na kwenye jiwe lako tuchonge nini?

Mwanao,
Klementina

*

Bismarck, 13 Oktoba 1974

Mwanangu,

Marahaba, na hongera. Mbusu Apolonia, kila siku mwite kwa jina lake, tena umtazame usoni.

Nimekubali. Huyo mdogo hana kosa, nami namfahamu kuliko mtu yeyote, nimemjibia miaka mingi. Lisimamisheni jiwe lake. Kwenye langu chongeni jina na miaka, na chini yake: "Aliyejibu."

Kifua kinanibana kidogo. Ni baridi tu.

Shangazi yako,
Otilia

*

Sankt Blasius, 10 Novemba 1974

Shangazi,

Barua hii haiendi posta. Nitaiweka chini ya jiwe lako, lililosimamishwa jana.

Ardhi ilikuwa bado haijaganda kwa baridi tulipokuzika. Mawe yote mawili yamenyooka, lako na lake. Asubuhi hii nimekuja na Apolonia na keki ya plamu. Nimeiunguza pembeni, ungenicheka. Nimekaa kwenye nyasi, mahali ulipokuwa ukiketishwa, nikauliza kwa sauti: "Otilia, unasikia baridi?"

Hakuna aliyejibu. Lakini nataka ujue, Shangazi, kwamba nilikuwa nimegeukia upande wako. Niliyekuwa nikimuuliza ni wewe.

Mwanao,
Klementina